Njia za Ngara na Biharamulo, na Habari za Wachukuzi Wake

Watu wengi wakisikia neno historia hudhani ya kuwa ni habari za wafalme na vita tu. Lakini kila nchi ina kitabu kingine kisichoandikwa kwa wino, nacho ni njia zake. Mtu azijuaye njia za nchi anajua wenyeji walihitaji nini, waliogopa nini, na nani aliyebeba mzigo. Basi leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za njia za Ngara na Biharamulo, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, tangu zamani za mguu hata siku hizi za baisikeli na lori. Na neno moja tunapenda msomaji alishike tangu mwanzo: waliopita katika njia hizi wakaandikwa vitabuni ni wachache, bali waliozifanya ziwe njia, kwa nyayo zao na magurudumu yao, ni wengi wasiotajwa.

1. Nchi yenyewe

Vilima vya Ngara vimelala kama ng'ombe waliopumzika zizini, mgongo baada ya mgongo, toka upande wa kaskazini hata kusini. Vingi hupita kimo cha mita 1,500 juu ya bahari. Katikati ya mgongo na mgongo kuna bonde, na katika mabonde mengi mna mto au kinamasi cha mafunjo. Mto Ruvubu hutoka Burundi ukaingia Ngara, na karibu na maporomoko ya Rusumo hukutana na Nyabarongo utokao Rwanda. Maji hayo mawili yakiisha kuungana huwa mto Kagera, ambao hushika njia ya kaskazini kisha hugeuka mashariki mpaka ziwani. Hakuna mto mwingine uingiao katika Ziwa Viktoria ulio mkubwa kama huu.

Biharamulo ni nchi ya namna nyingine. Huko vilima hupungua ukali, na misitu hutanda mwendo mrefu. Katika misitu hiyo walikuwamo wanyama wakali, na mdudu mdogo aliye mbaya kuliko simba, yaani mbung'o, aletaye malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe.

Kwa ajili ya umbo hili la nchi, njia haikuweza kwenda popote ilipopenda. Mtu aendaye kaskazini au kusini aliweza kushika mgongo wa kilima na kuufuata, miguu yake ikiwa mikavu na macho yake yakiona mbali. Lakini aendaye magharibi hana budi kuikata migongo hiyo mmoja mmoja, apande na kushuka, avuke kinamasi, kisha aanze tena. Mpanda baisikeli wa leo aijua sheria hii kuliko mwenye motakaa, kwani yeye huipima nchi kwa pumzi zake. Nao wahenga walikwisha kusema: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

2. Zamani za mguu

Kabla ya mgeni yeyote kuja na daftari, njia zilikuwako. Wafua chuma wa pande za Uzinza, hasa Warongo, walijulikana kwa majembe yao, na majembe yale yalitembea mbali: yalilima, yalilipa mahari, yalinunua mbuzi na nafaka. Chumvi nayo ilichukuliwa kutoka Uvinza, safari ya siku nyingi. Katika Bugufi, nchi ya Wahangaza, njia zilielekea magharibi kwa ndugu zao wa Burundi, kwa kuwa Bugufi ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi, na lugha ya Kihangaza na Kirundi ni karibu moja. Ng'ombe, asali, ndizi na maharawari wote walipita huko wala hapakuwa na mtu wa kuwauliza hati.

Kisha katika karne ya 19 ikaja biashara ya pwani. Misafara iliyotoka Unyanyembe, karibu na Tabora, ilipita Uzinza na Usui ikaenda Karagwe na Buganda kutafuta pembe. Usui ni nchi ambayo siku hizi imo katika Biharamulo na Ngara, na watu wake ni Wasubi na Washubi. Mchukuzi mmoja wa msafara alibeba ratili 60 au 70 kichwani au begani, ndiyo kusema kilo 30 hivi, siku baada ya siku.

Katika mwaka wa 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walipita njia hiyo wakitafuta chanzo cha mto Naili. Pamoja nao alikuwako Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani angali mtoto, akapata uhuru wake, akawa mkuu wa watu katika safari nyingi. Walipofika Usui, mtemi Suwarora aliwazuia siku nyingi akidai hongo ya nguo na waya, na hata walipoachiliwa hawakupata kumwona uso kwa uso. Mwezi wa Novemba mwaka ule ndipo walipofika kwa Rumanika, mfalme wa Karagwe, akawapokea kwa wema.

Wageni waliandika mengi kulalamika juu ya hongo. Lakini tukifikiri kwa haki, tutaona ya kuwa mwenye nchi naye alikuwa na hoja yake. Vivuko vilikuwa vyake, chakula kilitoka katika mashamba ya watu wake, na mtu akiibiwa njiani shauri lilikatwa barazani kwake. Tutaona mbele ya kuwa hongo haikufa na watemi, bali ilibadili jina tu.

3. Waliofuata maji

Mjerumani mmoja, Gustav Adolf von Götzen, aliondoka pwani ya Pangani mwisho wa mwaka wa 1893. Tarehe 2 Mei 1894 alivuka Kagera penye Rusumo, akaingia Rwanda kwa mfalme Rwabugiri, kisha akaendelea mpaka ziwa Kivu na misitu ya Kongo, hata akatokea pwani ya Atlantiki. Baadaye akawa gavana wa koloni la Wadachi.

Baada yake, katika mwaka wa 1898, akaja Richard Kandt, mganga aliyependa kujua siri za mito. Yeye alisimama pale mito miwili inapokutana, akapima maji ya kila mmoja, akaona Nyabarongo una maji mengi kuliko Ruvubu. Basi akaufuata Nyabarongo hata chemchemi za Rukarara katika msitu wa milimani. Baadaye, katika mwaka wa 1907, alianza mji wa Kigali. Wengine wameufuata Ruvubu, na kusini mwa Burundi, karibu na Rutovu, imejengwa piramidi ndogo ya mawe kuonyesha chemchemi ya Naili iliyo kusini kupita zote. Hivyo maji yapitayo chini ya daraja la Rusumo leo yana safari ndefu kupita msafara wowote, kwani mwisho wake ni bahari ya Misri.

Majina ya mabwana hawa twayapata vitabuni. Lakini nani aliyebeba sanduku la vipimo vya Kandt? Nani aliyeingia majini kwanza kupima kina kwa fimbo? Hao hawakuandikiwa sura hata moja.

4. Vita na mpaka

Wadachi walijenga boma Biharamulo, nalo lasimama hata leo. Vita Kuu ya kwanza ilipoanza, njia za biashara ziligeuka kuwa njia za askari. Katika mwaka wa 1916 majeshi ya Wabelgiji yalivuka Kagera kutoka Rwanda, na mwezi wa Juni yakaingia Biharamulo, kisha yakashuka kusini hata kuutwaa mji wa Tabora mwezi wa Septemba. Jeshi halikuwa na magari katika vilima hivi, kwa hiyo risasi na unga vilikwenda kwa vichwa vya watu. Mamia ya maelfu ya wachukuzi walitumikishwa katika vita ile ya Afrika ya Mashariki, na wengi waliofariki hawakuuawa na risasi, bali na njaa, baridi na kuhara.

Vita ilipokwisha, wakubwa wa Uingereza na Ubelgiji walipatana katika mwaka wa 1919 jinsi ya kugawa nchi. Rwanda na Burundi zikawa chini ya Ubelgiji, na Tanganyika chini ya Uingereza. Gisaka, iliyo mashariki ya Rwanda, ilikatwa kwanza kwa Waingereza, waliotaka njia ya reli, kisha ikarudishwa, na Kagera ukawa mpaka. Lakini Bugufi haikurudi Burundi, bali ilibaki Tanganyika. Hivyo njia aliyoipita mtu kwenda kumsalimu mjomba wake ikawa njia ya kutoka koloni moja kwenda koloni nyingine. Kilima hakikusogea, wala mto. Ni karatasi tu iliyosogea.

Kisha ikaja kodi ya fedha. Mtu hakuweza tena kulipa kwa jembe wala mbuzi, ilimpasa shilingi. Kwa sababu hiyo vijana wengi wa Bugufi na Bushubi, pamoja na Warundi na Wanyarwanda, walishika njia ya kaskazini kwa miguu, wakaenda kutafuta kazi katika mashamba ya kahawa na pamba ya Bukoba na Buganda. Bugufi yenyewe ilipanda kahawa, na katika miaka ya 1930 wakulima wake wakawa na chama chao cha ushirika, miongoni mwa vyama vya kwanza vya Tanganyika. Reli ilikuwa imefika Mwanza katika mwaka wa 1928. Lakini ili kuifikia ilipasa kwanza kuvuka vilima, kisha msitu, kisha ziwa, kama kwa bandari ndogo ya Nyamirembe, ambayo siku hizi imo katika wilaya ya Chato.

5. Gurudumu laja

Tugeuke kidogo tuitazame Ulaya. Baisikeli yenye magurudumu mawili yaliyo sawa, ikiendeshwa kwa mnyororo, ilitengenezwa na John Kemp Starley huko Coventry, Uingereza, katika mwaka wa 1885. Miaka 3 baadaye John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekaa Belfast, alitengeneza tairi la upepo. Kwa hiyo von Götzen alipovuka Rusumo, tairi lile lilikuwa na umri wa miaka 6 tu.

Furaha ya Wazungu kwa chombo hiki kipya ililipwa kwa damu ya Waafrika. Kila tairi lilitaka mpira, na mpira mwingi ulitoka katika misitu ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili tangu 1885 hata 1908. Watu walilazimishwa kuugema, na walioshindwa kutimiza kipimo walipigwa, walifungwa, wengine wakakatwa mikono. Yafaa mwalimu awaambie watoto jambo hili, ili wajue ya kuwa hata chombo chema chaweza kuwa na mwanzo wa machozi.

Baisikeli ilipofika katika vilima vyetu ilikuwa kwanza chombo cha karani, mwalimu na katekista. Mwalimu mmoja aliweza kuzuru shule za vijijini kwa siku chache ambapo zamani angetumia juma zima. Baadaye waliorudi kutoka mashamba ya kaskazini walitamani kuleta nyumbani blanketi, nguo, na kama Mungu akijalia, baisikeli. Kijana aliyerudi akiisukuma alionekana kuwa ameona dunia.

Lakini wenyeji hawakuipokea kama walivyoikuta. Ilikuwa imeundwa kwa mtu mmoja aketiye wima katika barabara laini ya Uingereza. Watu wetu wakaifanya punda wa chuma. Kiti cha nyuma kilikazwa kwa nondo, spoku zikaongezwa unene, na vijiti vikafungwa ili kushika mikungu ya ndizi. Aliyebeba kilo 30 kichwani sasa aliweza kuchukua kilo 100 au zaidi, ila kwa sharti moja: kilimani hapandi, husukuma. Huinama nyuma ya mzigo, mkono mmoja katika usukani na mwingine katika kiti, akapanda hatua kwa hatua, kama mchukuzi wa msafara alivyopanda. Akifika juu hupumzika, kisha huanza kuteremka, na hapo ndipo penye hatari. Breki za fimbo hulegea kwa mvua, nao mzigo humsukuma mwenyewe. Kwa hiyo wengi hukanyaga tairi kwa soli ya kiatu au ndara ili kupunguza mbio.

Fundi wa baisikeli akaaye chini ya mti, mwenye koleo, kiraka na bakuli la maji, amerithi kazi ya mfua chuma wa zamani. Yule alifua jembe la kuupata mzigo, huyu hunyoosha gurudumu la kuuchukua. Na hongo nayo haikukosekana: kwa miaka mingi halmashauri zilitoza ada ya baisikeli, mwenye chombo akatakiwa kuonyesha ya kuwa amelipa. Suwarora angalikuwapo asingalishangaa.

Tena baisikeli imezaa hata maneno. Katika miaka ya 1960, huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana walichukua abiria kwa baisikeli kutoka forodha moja hadi nyingine, wakiita kwa Kiingereza jina la mpaka. Ndiko lilikotoka neno bodaboda, ambalo leo hutumika zaidi kwa pikipiki. Rwanda na Burundi wachukuzi wa namna hiyo huitwa abanyonzi.

6. Daraja la machozi

Hatuwezi kutaja njia ya Rusumo bila kutaja mwaka wa 1994. Mauaji ya kimbari ya Watutsi yalianza Rwanda mwezi wa Aprili. Tarehe 28 na 29 mwezi ule, katika muda wa saa 24 tu, watu wapata 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Walikuja na mikeka, sufuria na watoto migongoni, wengine wakisukuma baisikeli zilizopakiwa mali yote iliyobaki. Na mtoni chini yao zilipita maiti. Miongoni mwa waliovuka walikuwamo wasio na hatia na walikuwamo wauaji, wakitembea katika njia moja. Mahali palipoitwa Benaco, kwa jina la kampuni ya Kitaliani iliyojenga barabara, pakawa kambi kubwa kuliko miji mingi ya Tanzania. Wenyeji wa Ngara waliona miti yao ikikatwa na visima vyao vikikauka, hata hivyo waligawana na wageni walichokuwa nacho.

Mwezi wa Desemba 1996 serikali iliamuru wakimbizi wa Rwanda warudi kwao, na njia ile ile iliyowaleta ikajaa watu waendao upande wa pili. Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Pale Rusumo walikutana mara mbili, na mara zote mbili katika huzuni.

7. Barabara ya lami, na haki ya mchukuzi

Siku hizi barabara ya lami hutoka Lusahunga mpaka Rusumo, mwendo wa kilomita 90 hivi, na tawi lake hutoka Nyakasanza kupitia nchi ya Ngara hata Kabanga, mkabala wa Kobero katika Burundi. Daraja jipya limejengwa Rusumo kwa msaada wa Japani, na kituo cha pamoja cha mpaka kilifunguliwa mwezi wa Aprili 2016 na Marais John Magufuli na Paul Kagame. Maporomoko yenyewe yametiwa mitambo ya umeme wa megawati 80, ambao nchi tatu hugawana sawasawa. Malori marefu yatokayo Dar es Salaam hupita hapa na mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo. Katika misitu ya Biharamulo, ambapo zamani mtu aliogopa simba, kisha wanyang'anyi hata magari yakapita kwa misafara yenye askari, leo kuna hifadhi ya taifa ya Burigi-Chato, iliyowekwa katika mwaka wa 2019.

Haya yote ni maendeleo, nasi twayashukuru. Lakini twaomba kuuliza: mchukuzi yuko wapi katika barabara hii? Tazameni kingo zake alfajiri. Mtaona mikungu ya ndizi, magunia ya mkaa, madumu ya maji, na nyuma ya kila mzigo mtu mmoja ameinama. Lori likija kwa kasi mteremkoni, yeye ndiye aondokaye njiani, akatumbukia katika changarawe na mzigo wake. Njia ilifanywa na mguu wake na wa babu zake; ilipopanuliwa, yeye akaachiwa ukingo.

Wala asiseme mtu ya kuwa baisikeli ni kitu cha zamani kisichostahili kufikiriwa. Mwezi wa Septemba 2025 mji wa Kigali, ambao barabara ya Rusumo huelekea, ulipokea mashindano ya dunia ya mbio za baisikeli barabarani, mara ya kwanza kufanyika katika Afrika. Mabingwa wa Ulaya na Amerika walitoka jasho katika vilima vilivyo ndugu za vilima vya Ngara, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda mbio kubwa ya wanaume. Dunia nzima ilistaajabia ukali wa vilima. Mchuuzi wa ndizi wa Ngara huvipanda vilima kama vile kila siku ya soko, bila medali, na baisikeli yake ina gia moja.

Basi twawaomba wenye mamlaka, kila barabara itengenezwapo katika vilima hivi, waache ukingo mpana ulio na lami kwa ajili ya aendaye kwa mguu na kwa gurudumu. Madereva twawaomba wapunguze mwendo mteremkoni. Wenye baisikeli twawaomba wafunge kitu king'aacho nyuma ya mzigo, na wazitazame breki zao kabla ya kilima, wala si baada yake. Nanyi walimu wenzetu, watumeni watoto kwa wazee wao wakaulize: mlipita wapi kwenda Bukoba? Mlivukia wapi Ruvubu? Mlilala kwa nani? Wayaandike majibu katika daftari zao, kwani mzee akizikwa, njia moja huzikwa pamoja naye. Jina la Speke halihitaji msaada wetu, ila la mchukuzi lisipoandikwa na mjukuu wake, halitaandikwa na mtu mwingine.